Bustani ya mboga Dodoma: mwongozo kamili kwa aliyeshindwa zaidi ya mara moja

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amepanda mchicha ukaota vizuri, ukakaa wiki mbili, ukadumaa, ukakauka. Akarudia. Akabadilisha mbegu, akaongeza samadi, akapuliza dawa, na bado kila jioni mtoto anatumwa gengeni kununua fungu la mboga.

Wengi wanaouliza wamehamia hapa kikazi kutoka Tukuyu, Lushoto au Moshi. Kule, ukimwaga uani maji uliyooshea nyanya, baada ya muda unakuta miche. Wakifika Dodoma wanalima kwa mtindo uleule: tuta limenyanyuliwa, limeachwa wazi juani, linanyunyiziwa maji kidogo kila jioni. Mambo hayo matatu yakikutana hapa, bustani inakufa hata kama mbegu ni nzuri na samadi imejaa.

Mji huu uko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja: maji yakishaingia ardhini, yabaki huko.

## Andaa hivi kabla hujashika jembe

- Jembe, sululu, chepe na reki. Sululu usiiache. Udongo mwingi wa hapa ukivuka sentimita 20 unagonga kama sakafu.
- Ndoo mbili za lita 20 na keni ya kumwagilia. Kama huna keni, toboa kopo kubwa kwa msumari mwembamba.
- Samadi iliyoiva, debe 6 kwa tuta moja.
- Viroba vitatu vya matandazo: nyasi kavu, mabua ya mtama au uwele yaliyokatwakatwa, au maganda ya karanga.
- Fito sita na kipande cha neti ya kivuli. Mabua au makuti yanafaa pia.
- Kitu cha kuzuia kuku na mbuzi: neti ya kuku, au matawi ya miiba.
- Mbegu za aina tatu tu: mchicha, spinachi, na sukuma wiki au chainizi. Ongeza konzi moja ya kunde kutoka jikoni.
- Kisu cha jikoni ambacho hakitakiwi tena. Kazi yake utaiona hatua ya 8.

Pampu, mipira ya matone, mbolea za dukani na dawa za wadudu usinunue kwa sasa. Ukiweza kutunza tuta moja kwa miezi mitatu, utajua mwenyewe kipi unahitaji.

## Hatua ya 1: Hesabu maji yako

Bustani ya Dodoma hupimwa kwa ndoo. Eneo unalo kubwa, sawa, lakini swali ni lita ngapi unaweza kuzitoa kila siku bila ugomvi na watu wa ndani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga za majani zinataka lita 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa siku wakati wa baridi ya Juni na Julai, na lita 6 hadi 8 mwezi wa kumi, joto likiwa limepamba moto. Tuta la mita 1 kwa mita 3 ni mita 3 za mraba, kwa hiyo linataka ndoo isiyojaa sana Juni, na ndoo moja na kidogo Oktoba.

Kama mtaani kwenu maji ni ya mgao, hesabu zile siku ambazo bomba halitoki. Siku nne bila maji ni ndoo nne kwa kila tuta, na lazima ziwe zimekaa kwenye tangi au madumu. Mtu mwenye akiba ya ndoo mbili kwa siku ana uwezo wa matuta mawili. Akilima sita, anakuwa amechagua mapema kushindwa matuta yote sita.

Maji ya kuoshea mboga na mchele tumia yote. Ya vyombo na ya kufulia kwa sabuni ya mche yapeleke kwenye mpapai au mgomba, au mwaga chini ya mimea mikubwa, na ubadilishe mahali kila mara. Maji ya sabuni ya unga au yenye dawa ya kung'arishia nguo usiyaweke bustanini. Chumvi zake zinaharibu udongo taratibu, na utakapogundua tuta litakuwa limeshagoma.

Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi. Ukionja ukaisikia chumvi, au ukiona utando mweupe juu ya udongo uliokauka, acha karoti, maharage na vitunguu, kwa sababu vinaumia mapema kwa chumvi. Anza na spinachi, ni mvumilivu. Unapomwagilia maji hayo, yaelekeze kwenye udongo na siyo kwenye majani.

## Hatua ya 2: Anza mwezi wa nne mwishoni au mwezi wa tano

Watu wengi huanza Septemba au Oktoba, mboga zinapopanda bei sokoni Majengo na Sabasaba. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote kwa anayejifunza: joto liko juu, upepo unakausha, maji ni ya kugombania.

Mei hadi Agosti usiku ni wa baridi, jua halichomi sana, na ardhi bado ina unyevu kidogo wa mvua zilizopita. Chainizi, spinachi na sukuma wiki zinapenda hali hiyo. Ukishakuwa na mimea yenye mizizi mirefu kufikia Agosti, Septemba itakukuta umejipanga.

Wakati wa mvua unaweza kulima pia, ila jua mambo mawili. Mvua za hapa hukatika katikati, mara nyingi Februari, na anayetegemea mawingu peke yake huumbuka. Halafu ni msimu ambao mlenda na mchicha pori umejaa kila mahali, kwa hiyo faida yako ni ndogo.

## Hatua ya 3: Chagua mahali kwa kuangalia, siyo kwa kukisia

Simama uani saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Unatafuta sehemu inayopata jua la asubuhi na kuanza kupata kivuli mchana, kwa mfano upande wa mashariki wa nyumba. Jua la saa nane ndilo linalobabua.

Chomeka fito, funga kipande cha kitambaa juu yake, na uache siku mbili. Kitakuonyesha upepo unatoka wapi. Kiangazi, upepo mwingi wa Dodoma hutoka mashariki na kusini-mashariki.

Kaa mbali na mwarobaini na mgunga, angalau mita 5. Kivuli chake kinavutia, lakini mizizi ya mti itakunywa maji yako kabla mboga haijaamka. Pia usiende mbali na maji. Tuta lililo nyuma ya choo, hatua hamsini kutoka bombani, litasahauliwa siku ya kwanza utakayochelewa kutoka kazini.

Kisha pima kama ardhi inapitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, jaza maji, yaache yaishe, halafu jaza tena na uangalie saa. Yakiisha ndani ya saa nne, endelea. Yakikaa mpaka kesho yake, uko juu ya udongo wa mbuga au kuna tabaka gumu chini. Jaribu mahali pengine. Kama huna pengine, fanya tuta la usawa wa ardhi, usilididimize.

## Hatua ya 4: Tafuta samadi na uijaribu

Dodoma samadi ipo. Wafugaji wako Nala, Msalato, Ihumwa, Mkonze, na maboma mengine yana samadi ya miaka. Ukifika, usianze na bei. Salimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kaa kidogo, halafu sema: "Mzee, naomba ile ya chini kabisa, ya boma la zamani." Ya juu ni mbichi. Ya chini imeoza, imepoa, haina harufu kali na inavunjika mkononi.

Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta magugu. Samadi ya bomani inaweza pia kuwa na chumvi nyingi ya mkojo, na hiyo huioni kwa macho. Ndiyo maana naisisitiza sana hatua ambayo watu wengi wanairuka:

1. Chukua makopo mawili yenye matundu chini. La kwanza jaza udongo wa uani mtupu. La pili jaza udongo huohuo ukichanganya na samadi nusu kwa nusu.
2. Panda kunde sita kila kopo. Mwagilia sawasawa, weka mahali pamoja.
3. Subiri siku 10 hadi 12.

Kunde za kopo la samadi zikiota kwa wingi uleule na kuwa na majani ya kijani, samadi iko tayari. Zikigoma kuota, au majani yakaungua kwenye kingo, imwage samadi chini kwenye kivuli, imwagilie maji mengi mara mbili tatu ili chumvi ishuke, igeuze kila wiki, na ujaribu tena baada ya mwezi.

Siku kumi zinaonekana nyingi kwa mwenye haraka. Ni chache ukilinganisha na kupoteza tuta zima.

## Hatua ya 5: Chimba tuta la kudidimia

Hii ndiyo hatua inayobeba bustani nzima. Ifanye polepole, hata kwa siku mbili.

Tuta la kunyanyuka lilibuniwa kwa ajili ya sehemu zenye maji mengi, ili mizizi isizame. Huku linafanya kinyume cha unachotaka: upepo unalikausha kutoka juu na pembeni, na maji unayomwaga yanateremka kwenye njia. Tuta la kudidimia, ambalo ni jaruba dogo, linakaa chini ya usawa wa ardhi. Maji hayana pa kukimbilia isipokuwa chini, na upepo unapita juu yake.

Pima. Mita 1 upana, mita 3 urefu. Upana usizidi hapo, kwani mkono lazima ufike katikati bila kukanyaga ndani. Funga kamba kwenye vigingi vinne.

Toa udongo wa juu. Chimba sentimita 25 hadi 30 na uweke udongo huo upande mmoja. Huu ndio wenye rutuba, usichanganye na wa chini.

Vunja tabaka la chini. Ingia na sululu, vunja sentimita 20 nyingine. Usiutoe nje, uvunje tu na uache humohumo. Hapa ndipo wengi huchoka na kusema inatosha. Haijatosha. Mizizi ikigonga tabaka gumu inatambaa juu juu, na mmea wenye mizizi ya juu unanyauka saa tano asubuhi.

Mwaga maji. Ndoo mbili juu ya udongo uliovunjwa, ziache zizame.

Rudisha udongo na samadi. Changanya udongo wa juu na debe 6 za samadi, uurudishe, lakini acha uso wa tuta ukiwa sentimita 10 chini ya ardhi. Udongo utabaki, kwa sababu uliochimbuliwa umevimba na samadi imeongezeka. Uliobaki jengea kingo pande zote nne, kimo cha sentimita 10 hadi 15, uushindilie kwa chepe.

Sawazisha. Piga reki mpaka uso uwe bapa. Mwaga ndoo moja taratibu juu ya kipande cha kiroba ili isichimbe, na utazame. Maji yakikusanyika kona moja, vuta udongo kutoka upande wa juu kwenda huko. Tuta lenye mteremko litakupa mboga nene upande mmoja na vijiti upande wa pili.

Lishibishe. Kwa siku mbili zinazofuata mwaga ndoo 5 au 6 zaidi. Ndiyo, ni nyingi. Hii ni akiba ya chini ambayo mizizi itaifuata, na inasukuma chumvi iliyobaki kwenye samadi. Acha tuta wiki moja. Magugu yataota, yang'oe yote yakiwa bado machanga.

Ukichimba wakati wa mvua, kata mfereji mdogo kwenye ukingo mmoja na uuzibe kwa udongo. Ikija mvua ya kufuru, unaufungua.

Kazi ikiwa nzuri, utakandamiza kiganja juu ya tuta na kitazama kidogo, na fito nyembamba itaingia sentimita 40 bila kugongewa.

Jirani atapita aseme unachimba kaburi. Wanasema hivyo kila mahali.

## Hatua ya 6: Uzio, ukingo wa upepo na kivuli, kabla ya mbegu

Kuku mmoja anamaliza tuta la miche kwa robo saa, na mbuzi wa Dodoma hawana mwenyewe wala saa ya kulala. Uzio ujengwe leo, mbegu ziingie kesho.

Upande unaotoka upepo, weka ukingo wa mabua au fito zilizosukwa, kimo cha mita moja na nusu. Usijenge ukuta mzito usiopitisha hewa. Upepo ukigonga ukuta unaruka na kuanguka kwa nguvu upande wa pili, palepale mboga zilipo. Mabua yenye nafasi ndogondogo yanaupunguza kasi bila kuupindua.

Kivuli kikae kwenye fito, juu ya kichwa chako ukiwa umechuchumaa. Kipitishe zaidi ya nusu ya mwanga. Ukitumia mabua, yatandaze ukiacha nafasi za vidole viwili. Juni na Julai unaweza kukiondoa kabisa. Kuanzia Septemba kirudishe, hasa upande wa magharibi. Mboga iliyofunikwa mno inarefuka shingo na kuwa na majani mepesi ya rangi ya kijani mpauko. Ukiona hivyo punguza.

## Hatua ya 7: Panda

Kwenye duka la pembejeo angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka mfuko wazi, zilizokaa juani mlangoni, waachie wengine. Ukiwa na mashaka, weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika. Baada ya siku tano hivi, zikiota saba na kuendelea, panda.

Gawa tuta mafungu matatu, mita moja kila moja.

*Mchicha:* chora mistari ya kina cha nusu sentimita, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Changanya mbegu na mchanga mkavu kwanza, la sivyo zitaanguka rundo moja. Funika kwa udongo laini kidogo sana. Mbegu iliyozikwa sentimita mbili haitoki.

*Spinachi:* mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 2, sentimita 30 kati ya mashimo. Loweka usiku mmoja kabla.

*Sukuma wiki au chainizi:* otesha kwenye kopo kivulini, uhamishe ikiwa na majani manne au matano, wiki ya tatu au ya nne. Sukuma sentimita 45, chainizi 30. Hamisha jioni tu.

Funika fungu la mchicha kwa nyasi nyepesi, nyunyiza majivu kuzunguka tuta. Sisimizi hubeba mbegu za mchicha moja moja, na asubuhi unadhani hazikuota. Mchicha ukianza kutokeza, siku ya tatu hadi ya tano, ondoa nyasi jioni hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili miche inakuwa miembamba na inalala.

Ikifika kimo cha kidole, punguza mpaka ibaki nafasi ya vidole vinne kati ya mche na mche. Hapa watu wanaona huruma. Msiione. Ile mnayong'oa ndiyo mboga yenu ya kwanza.

## Hatua ya 8: Mwagilia kwa kisu

Wiki ya kwanza, mpaka mbegu zitoke, nyunyiza kwa keni kidogo asubuhi na jioni ili uso usikauke. Baada ya hapo acha tabia ya kunyunyiza.

Sasa chukua kile kisu, ujionee sababu kwa jaribio la mara moja. Jioni nyunyizia tuta kama ulivyozoea, dakika mbili tatu, mpaka uso ung'ae. Kesho yake saa mbili asubuhi kichomeke wima katikati ya mistari, kivute kuelekea kwako, utazame ukuta wa udongo uliofunguka. Utaona mstari mweusi juu, upana wa kucha, na chini yake udongo mkavu unaomwagika kama unga. Mizizi iko kwenye huo mkavu. Uliona tuta limelowa, mmea ulikuwa na kiu.

Unachotaka ni weusi mpaka sentimita 10 au 15, na udongo ukiukamata ushikane bila kutoa maji. Ukifika hapo, usimwagilie siku hiyo.

Ratiba ya kuanzia ni hii. Wiki ya pili na ya tatu, ndoo moja kila asubuhi. Kuanzia wiki ya nne, ndoo mbili kwa pamoja, siku moja ndiyo na moja siyo. Maji ni yaleyale, lakini yanashuka mbali zaidi na yanavuta mizizi chini. Oktoba, jua likizidi, ongeza nusu ndoo kila mara. Kisu ndicho kinachoamua, siyo ratiba.

Asubuhi mapema ndiyo bora. Jioni inafaa pia, hewa ya hapa ni kavu, ukungu hausumbui sana. Majani yakilegea saa nane mchana na kusimama tena saa kumi na mbili jioni, usikimbilie ndoo, ni joto tu. Yakiamka asubuhi bado yamelala, hapo umechelewa.

Wapo wanaouliza mbona zabibu za Mpunguzi na Bihawana zinavumilia. Mzabibu mizizi yake inakwenda mbali chini. Chainizi haina mizizi hiyo.

## Hatua ya 9: Tandaza

Miche ikifika kimo cha kiganja, tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga, unene wa sentimita 5. Acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina. Matandazo yanazuia jua lisiguse udongo na yanapunguza magugu. Chomeka kisu siku mbili baada ya kutandaza, tofauti utaiona.

Mchwa watakuja. Hilo linawafanya wengi waogope kutandaza, lakini mchwa wanafuata kikavu kwanza, na maadamu tuta lina unyevu wataanza na nyasi na kuacha mboga. Hatari ni pale unapoacha tuta likauke kabisa. Wakiwa wengi sana, ondoa matandazo ya upande huo, lowesha, weka majivu, rudisha tabaka jembamba.

## Hatua ya 10: Wadudu

Geuza majani kila unapomwagilia, ukianza na ya chini. Ndiyo kazi yenyewe. Vidukari wachache unawaponda kwa kidole, viwavi unawaokota. Sota anayekata mche usiku usawa wa ardhi, fukua sentimita mbili kuzunguka mche uliokatwa, yuko palepale amejikunja.

Kiangazi angalia utitiri mwekundu: majani yana vitone vyeupe, na chini kuna utando mwembamba. Anapenda ukavu na vumbi, kwa hiyo rusha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi tatu mfululizo.

Mwarobaini umejaa mitaani. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche. Ukiwa na mbegu, gramu 500 za kiini kilichotwangwa kwa lita 10 zina nguvu zaidi. Puliza jioni, kwani jua linaivunja nguvu yake, na urudie baada ya wiki. Mboga itakuwa chungu kidogo siku mbili tatu, ioshe vizuri.

Dawa ya dukani ikibidi, nunua iliyo kwenye chupa yake, yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu), na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ile ya kumiminiwa kwenye chupa ya soda usiiguse. Ni mboga ya watoto wako.

## Hatua ya 11: Vuna, na panda nyingine siku hiyohiyo

Mchicha uko tayari wiki ya tatu hadi ya nne. Ukate sentimita 10 juu ya ardhi, utachipua mara mbili tatu. Spinachi na sukuma chuma majani ya nje, acha matano ya katikati. Anza wiki ya saba hivi, na usivune mmea wote kwa tamaa ya wageni.

Kila baada ya wiki mbili panda mstari mpya wa mchicha palipo wazi. Ukishang'oa kundi zima, ongeza debe mbili za samadi na ubadilishe aina: palipokuwa na sukuma weka kunde, majani yake yanaliwa wiki nne baadaye, na yakizidi yaanike kivulini.

Nyanya, bamia na nyanya chungu zisubiri tuta la pili. Zinakaa muda mrefu, na nyanya ina kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda yake.

## Ukikwama

Imeota, ikadumaa, majani ya kijani kibichi. Mizizi imegonga tabaka gumu au maji hayashuki. Kisu, halafu hatua ya 5.

Majani ya chini ya njano. Njaa ya naitrojeni. Loweka ndoo nusu ya samadi kwenye ndoo ya maji siku saba, punguza mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi, mwaga kwenye udongo kila wiki.

Kingo za majani zimeungua, udongo una utando mweupe. Chumvi. Kwangua utando uutupe, mwaga ndoo 5 kwa siku moja, halafu mwagilia mara chache kwa wingi.

Zinanyauka mchana hata tuta likiwa bichi. Ng'oa mmea mmoja. Mizizi yenye vinundu vilivyovimba ni minyoo fundo, kawaida kwenye udongo wa kichanga. Ng'oa na mizizi yote, choma. Hapo usipande nyanya, bamia wala mnavu kwa msimu huo na ujao. Weka samadi nyingi, acha tuta juani likiwa limegeuzwa kwa mwezi mmoja wa kiangazi, na tuta jipya lichimbe upande mwingine wa uwanja, ukiosha jembe kabla ya kuvuka.